Raha ya Hila: Mungu Mjanja na Jasusi katika Riwaya Mbili za Tamora Pierce

Makala haya yanahusu riwaya mbili za vijana za mwandishi wa Marekani, Tamora Pierce, nazo ni Trickster's Choice (2003) na Trickster's Queen (2004). Swali tunalokusudia kulishughulikia ni lile ambalo uhakiki wetu umezoea kulipita kando: raha ya kusoma hutoka wapi, na anayeipata hulipa nini? Tangu miaka ya 1970 wahakiki wa Kiswahili tumefunzwa, nasi tukawafunza wengine, kuiuliza kazi ya fasihi msimamo wake, dhamira yake na tabaka inayoitumikia. Mafunzo hayo yalikuwa na sababu zake, wala hatuyakani. Lakini yametuachia tabia ya kuiona raha kama asali inayopakwa kwenye dawa ya mtoto, kwamba kazi yake ni kuyashusha maudhui kooni, na yakishashuka haina haja tena. Mwanafunzi wa shahada ya pili anaweza kuandika kurasa mia moja kuhusu riwaya iliyomnyima usingizi siku tatu bila kutaja hata mara moja kwamba ilimnyima usingizi.

Riwaya za Pierce zinafaa kwa swali hili kwa sababu zinafurahisha mno, na kwa sababu furaha hiyo, kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hasa, haikosi mwiba. Rai yetu ni kwamba utamu na mwiba huo vimetoka katika shina moja. Anayetaka kuukata mwiba na kuuacha utamu ataona kwamba amekata vyote viwili.

Kisa chenyewe ni hiki. Alianne, aitwaye Aly, ni msichana wa miaka kumi na sita katika nchi ya kubuni ya Tortall. Mama yake ni Alanna, mwanamke shujaa ambaye Pierce alimwanzisha katika riwaya yake ya kwanza mwaka 1983. Baba yake, George Cooper, alikuwa mkuu wa wezi kabla ya kuwa naibu wa bwana wa majasusi wa mfalme. Aly hataki upanga wa mama. Anataka kazi ya baba, na baba hataki kusikia habari hiyo. Anaondoka nyumbani kwa mashua yake, anatekwa na maharamia, na anauzwa utumwani katika Visiwa vya Shaba. Huko wanatawala waluarin, watu weupe waliovamia yapata miaka mia tatu nyuma, na waraka, wenyeji weusi wa visiwa hivyo, ndio waliotawaliwa. Aly anaishia katika nyumba ya Mtemi Mequen Balitang, mluarin ambaye mabinti zake wawili wakubwa, Sarai na Dove, mama yao marehemu alikuwa mraka wa damu ya kifalme. Mfalme mwenye wazimu anaifukuza familia hiyo mji mkuu na kuipeleka shambani Tanair, katika kisiwa cha mbali. Ndipo Kyprioth, mungu mjanja wa visiwa hivyo, anapomtokea Aly na kumwekea dau. Akiwalinda watoto wa Balitang wasiuawe hadi majira ya majani kupukutika, Kyprioth atamrudisha kwao na kumshawishi baba yake amruhusu awe jasusi. Akishindwa, atamtumikia mungu huyo mwaka mzima.

Dau hilo ndilo linaloiendesha riwaya ya kwanza, na ndilo linaloifanya iwe bora kuliko ya pili. Dau si kiapo wala unabii. Unabii humfunga mhusika kwa jambo litakalokuwa, naye msomaji akakaa kulingoja. Dau huacha kila kitu wazi, na humpa kila upande haki ya kutumia hila. Kyprioth hadanganyi kuhusu masharti, bali ananyamaza kuhusu kusudi. Yeye mwenyewe ni mungu aliyepinduliwa: waluarin walipoviteka visiwa, kaka yake Mithros na dada yake Mungu wa Kike Mkuu walimpokonya enzi, naye anataka kurudi kitini. Watoto anaotaka walindwe ni mbegu ya uasi. Aly anadhani anacheza mchezo wa mtu mmoja kwa muda wa kiangazi kimoja, kumbe amekaa kwenye bao ambalo kete zake zilipangwa kabla babu yake hajazaliwa. Msomaji hulijua hilo kidogo kabla yake, na hapo ndipo taharuki inapoanza kuwa tamu.

Tusimame kidogo kwenye jina la mhusika huyu. Kumwita Kyprioth "mungu mjanja" kwa Kiswahili kunakwaruza sikio. Katika mapokeo ya Waswahili Mungu ni mmoja, na hila si sifa yake. Ndiyo maana mjanja wetu ni mnyama au mtu, hawi mungu. Waakan wana Ananse, ambaye hadithi zake hugusa mbingu; Wayoruba wana Eshu, mwenye njia panda zake; watu wa Skandinavia walikuwa na Loki. Sisi tuna Sungura na Abunuwasi, wote viumbe wa ardhini. Hata hivyo lugha yetu inalo neno ambalo lingemfaa Kyprioth na Aly kwa pamoja, nalo ni ayari. Leo kwetu ayari ni laghai tu, mtu wa kuogopwa sokoni. Lakini katika hekaya za Uajemi, kama ile ndefu ya Samak, ayari ni mtu wa namna nyingine: huingia kambi ya adui usiku, hujigeuza sura, huiba funguo, huteka watu wakiwa usingizini, na bado ana heshima yake na neno lake. Ni mjanja na jasusi katika ngozi moja. Neno limetufikia, mwenyewe amebaki njiani. Pierce, bila shaka pasipo kukusudia, amemrudisha akiwa msichana mwenye pete ya utumwa shingoni.

Mjanja wa ngano zetu hushinda kisha huondoka. Sungura humwacha Simba kwenye mzinga, Abunuwasi humwaibisha mfalme mbele ya baraza, na kesho yake mfalme ni yule yule. Hila ya Sungura ni ya kuishi siku moja zaidi, haijengi dola. Kuna hadithi moja tu ya pwani, kwa kadiri tunavyoona, inayokikaribia kisa cha Aly, nayo ni ile ya Sultani Darai ambayo Edward Steere aliichapisha katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870. Humo maskini anayechakura jaani anamnunua paa kwa kipande cha fedha. Paa huyo, mali iliyonunuliwa, anamzushia bwana wake jina la usultani, anamposea binti wa sultani, anaua nyoka na kumtwalia nyumba. Kazi yote ni ya mnunuliwa, enzi yote ni ya mnunuzi. Kisha paa anaugua, na yule aliyetolewa jaani anamnyima hata uji wa maana, akafa. Mwisho wa hadithi bwana anajikuta jaani tena.

Tukiziweka riwaya za Pierce kando ya hadithi hii tunaona mara moja zilivyo na upole. Aly naye ni mali: soko la watumwa lilipokosa mteja wake, akatolewa kama nyongeza. Naye, kama paa, anaipandisha nyumba iliyompokea hadi kwenye kiti cha enzi. Lakini nyumba hiyo inamshukuru. Mtemi na mkewe Winnamine wanamsikiliza, wanamwamini, wanampa nafasi ya mshauri. Msimuliaji wa Unguja alijua jambo ambalo Pierce hataki kulitazama kwa muda mrefu: kwamba anayemiliki mtu husahau upesi. Hatusemi kwamba riwaya ya vijana ingepaswa kumtupa shujaa wake kisimani. Tunasema kwamba raha yetu hapa imenunuliwa kwa kuzipunguzia makali hali za unyumba baina ya bwana na mtumwa, na inafaa msomaji ajue bei.

Tuje kwa ujasusi, ambao ndio riziki kuu ya riwaya hizi. Msomaji wa Kiswahili amelelewa na jasusi wa aina nyingine. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), ni mtumishi wa serikali. Ana bastola, ana tiketi ya ndege, ana hoteli nzuri, na nyuma yake kuna dola na harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Tunampenda kwa sababu anaingia mlangoni na watu wote wanageuka. Aly akiingia hakuna anayegeuka. Kabla ya kuuzwa alijitafutia ugomvi kwa makusudi katika zizi la watumwa ili apigwe, avunjwe pua, asiwe na sura ya kumvutia mnunuzi wa kitandani. Tanair anapewa kazi ya kuchunga mbuzi, na malishoni ndiko kunguru wanakomfundisha lugha yao. Silaha yake ni sinia la vinywaji na macho yaliyoinamishwa. Ukumbini wakubwa wanazungumza mauaji mbele yake kwa sababu mtumwa, machoni pao, ni sehemu ya samani.

Raha anayoipata msomaji katika kurasa hizi ni raha ya kufundishwa kutazama. Pierce anatuonyesha mkono ulioshika kikombe kwa nguvu mno, mgeni aliyeuliza swali moja tu kuhusu ngazi za nyuma, mpishi ambaye visu vyake ni vingi kuliko nyama yake. Hatuelezwi maana papo hapo. Tunaachwa sura nzima, kisha Aly anakuja kuisema, nasi tunajipongeza kama tuliitangulia. Hivyo msomaji naye anakuwa jasusi, akizikusanya dalili katika nyumba asiyokuwa na haki nayo. Hatujui riwaya nyingi za vijana zinazomheshimu msomaji wake kiasi hiki, na tukisema kweli, hata za watu wazima si nyingi.

Kwa hiyo ni jambo la kusikitisha kwamba mwandishi alimpa Aly pia kipawa cha macho, urithi wa baba yake, kinachomwezesha kuutambua uongo na kuona uchawi. Mara mbili tatu taharuki iliyopikwa kwa ustadi inazimwa kwa kipawa hiki: mtu anasema uongo, Aly anauona, basi. Mwenye jicho la namna hiyo hahitaji kuwa mjanja. Afadhali msichana yule angeachiwa masikio yake tu.

Kichekesho kiko kwa Nawat, kunguru aliyejigeuza mtu kwa ajili ya Aly na ambaye hajajifunza bado ni mambo gani binadamu hawafanyi hadharani. Anamchumbia kwa kumpa wadudu, kama kunguru dume amlishavyo mwenzake. Anatengeneza mishale vizuri kuliko binadamu yeyote kwa sababu anayajua manyoya kwa mwili wake. Tumecheka peke yetu tukimsoma, na ofisi ya mhadhiri si mahali pa kufanya hivyo.

Sasa mwiba. Kwa msomaji wa Ohio au London, utumwa wa Visiwa vya Shaba ni hali ya kubuni, sawa na kunguru wanaosema. Kwa msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja, soko la watumwa ni jengo analoweza kuonyeshwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa huko mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Kuna familia ambazo mpaka leo neno moja likitamkwa harusini kuhusu asili ya babu fulani huvunja karamu. Msomaji huyu anapomwona Aly akiuvaa utumwa kama kanzu ya kazi, akifurahia jinsi unavyomficha, hawezi kucheka kwa mapafu yote mawili.

Tulinganishe na Kijakazi wa Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Kijakazi naye anapita na sinia, naye haonekani, naye yuko chumbani mambo yanaposemwa. Lakini miaka mingi anaitumikia nyumba ile kwa moyo, na kuona kwake hakugeuki kuwa ujuzi wa kumdhuru bwana. Shafi anatuonyesha kutoonekana kulivyo kwa mtu asiye na kwao kwingine: humla mwenyewe kwanza. Aly amekuja utumwani na ujuzi wote wa baba yake kichwani, na daima anajua kwamba kuna mama mwenye upanga na mfalme rafiki wa familia. Utumwa wake una mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo sababu unafurahisha. Hofu ipo ya kutosha kuupa mchezo ladha, lakini haijai hata mchezo ukaharibika. Mwandishi angeufunga ule mlango wa nyuma, tungekuwa na riwaya nzito zaidi, na asilimia kubwa ya raha tuliyoisifu hapo juu ingetoka pamoja nao.

Hapa pana lawama ambayo wasomaji wengi wameitoa, nayo ni ya haki: inakuwaje ukombozi wa watu weusi uratibiwe na msichana mweupe aliyeletwa na bahari? Anayetaka kumtetea Pierce ana hoja. Njama ya waraka ipo kabla ya Aly. Ulasim, Fesgao, mchawi mzee Ochobu na mpishi Chenaol wamerithi maandalizi ya vizazi. Jiko la Chenaol ni ghala la silaha kabla mgeni hajalikanyaga. Viongozi hawa wanamdadisi Aly, wanamkemea, na wanamkubali kwa sababu tu mungu wao amemtuma. Aidha, mungu mjanja kumchagua mtu wa nje kuna mantiki yake: mgeni hana ukoo wa kumpendelea wala kisasi cha kumpofusha.

Hoja hizo zinalinda kisa, lakini haziulindi usimulizi. Riwaya zote mbili zinakaa karibu kabisa na Aly, tunaona anachoona. Matokeo yake ni kwamba ujuzi wa waraka huwa ujuzi kwetu pale tu Aly anapoupata. Miaka ya Chenaol katika jiko la mabwana, akisikiliza, akihesabu, akificha visu, ni ujasusi mkubwa kuliko wowote anaoufanya Aly katika kiangazi kimoja. Lakini kwetu sisi inaanza siku Aly anapoigundua. Na kugundua huko kunapendeza! Ni mojawapo ya sehemu bora za kitabu cha kwanza, pale msichana anapotambua kwamba watumishi wote wanaomzunguka si watumishi tu. Hapa ndipo tunapoirudia rai yetu. Mandhari yaliyotufurahisha ndiyo yaliyompokonya Chenaol nafasi ya kusimulia. Riwaya ya ujasusi hutaka mtu anayeingia mahali asipopajua; mwenyeji hana cha kugundua nyumbani mwake. Mwandishi alipochagua raha ya ugunduzi alikuwa amekwisha kuchagua mgeni.

Kitabu cha pili kinairudisha familia Rajmuat, mji mkuu, baada ya Mtemi Mequen kuuawa. Kwenye kiti cha enzi ameketi mtoto, Dunevon, na watawala halisi ni walezi wake Imajane na Rubinyan. Aly sasa ana kikosi cha majasusi na viumbe vidogo mfano wa matone ya wino, wanaopenya popote na kupashana habari. Dau halipo tena. Limechukuliwa na vita. Majina ni mengi, mafanikio yanakuja kwa wepesi, na yale matone ya wino, japo yanachekesha, yanafanya kazi ambayo katika kitabu cha kwanza ilihitaji akili na subira. Tulisoma kwa haraka zaidi na kwa njaa ndogo zaidi.

Isipokuwa mahali pawili. Pa kwanza ni pale walezi wanapotumia uchawi kuleta tufani inayoizamisha jahazi yenye mfalme mtoto, na Elsren, mdogo wao Sarai na Dove, naye yumo. Mchezo unasita. Msomaji anakumbuka kwamba sharti la dau la kwanza lilikuwa kuwalinda watoto wa nyumba hii, na kwamba muda wa dau ulikwisha. Hakuna aliyevunja ahadi. Huu ndio ukurasa ambapo mungu mjanja anatisha kweli, kwa sababu hajafanya lolote.

Pa pili ni Dove. Waraka wote wanamngoja Sarai, mzuri, mwenye hamaki, mpanda farasi, wa kumtazama mara moja ukajua ni malkia. Sarai anatoroka kuolewa na tabibu wa Carthak, na njama ya vizazi inabaki mikononi mwa mdogo wake, aliyekuwa pembeni na vitabu vyake akisikiliza wakubwa. Ni hila safi kuliko zote katika riwaya hizi, kwa sababu aliyefanyiwa ni msomaji. Tuliambiwa tangu sura za mwanzo kwamba wasiotazamwa ndio wa kutazamwa, na bado tukamtazama Sarai.

Dove anakuwa malkia na Aly anabaki kwa hiari kuwa bwana wa majasusi wake. Sungura amepewa ofisi. Ni nini afanyacho mjanja akishakuwa upande wa dola, na nani atamsikiliza yeye kutoka nyuma ya sinia? Vitabu vinafungwa kabla ya swali hilo. Mwaka 2011, katika mkusanyiko wake wa hadithi fupi uitwao Tortall and Other Lands, Pierce alivirudia visiwa vile kwa hadithi moja. Safari hii hakusimulia kupitia kwa Aly. Alimpa nafasi hiyo Nawat, kunguru. Mpishi Chenaol bado anangoja zamu yake.